Mkono wa Kushoto wa Kinyozi

Katika darasa la Viluwiluwi kila mwanafunzi alivaa nepi, isipokuwa mmoja. Huyo mmoja alikuwa na meno yote kinywani, alijua kufunga kamba za viatu, na alikuwa amebakiza muda mfupi tu atimize miaka mitano. Nyumbani walimwita Chungwa. Kila Jumamosi asubuhi alisimama kwenye maji ya vuguvugu ya bwawa la kuogelea, yaliyomfika kifuani, katikati ya vichanga vilivyopakatwa na mama zao, akaimba kwa meno yaliyoumana wimbo wa bata anayeutafuta mkia wake.

"Imba kwa furaha, mwanangu," baba yake alimnong'oneza.

"Naimba."

"Unaimba kama mtu anayeng'olewa jino."

"Huyu bata ni mjinga, Baba. Mkia uko nyuma. Kila wiki tunamwambia."

Baba yake alikuwa kinyozi, na pale bwawani kila mtu alimwita hivyo, Kinyozi, hata wale ambao hawajawahi kukalia kiti chake. Alikuwa mtu mpana wa mabega, mpole wa sauti, mwenye tumbo lililotangulia kuingia majini na kuchelewa kutoka. Ndiye mwanamume pekee katika darasa lile. Mama watu walimzoea haraka. Walimwachia mataulo yao ayalinde, walimuuliza kama ni kweli nywele za mtoto zikinyolewa mapema huota nyingi, na walimcheka bila kumwogopa.

Bwawa lenyewe lilikuwa refu, chini ya paa la juu lenye vioo, limegawanywa kwa kamba mbili za maboya mekundu. Upande wa kina kifupi ulikuwa wa Viluwiluwi. Ng'ambo ya kamba ya kwanza walikuwa Vyura, watoto wa shule ya awali, ambao huingia majini bila mzazi na kupiga kelele za kutosha kuwaamsha wafu. Mbali kabisa walikuwa Pomboo, watoto wakubwa, waliokwenda na kurudi bila kusema neno, kama watu wenye shughuli zao.

Kutoka kiluwiluwi hadi kuwa chura kulitakiwa jambo moja tu. Mzazi amlaze mtoto kifudifudi juu ya maji, amwachie, na mtoto ateleze peke yake, uso ndani ya maji, mpaka mikononi mwa mwalimu aliyesimama hatua chache mbele. Wenzake Chungwa wote walikwisha kuteleza. Walikuja wengine nyuma yao, nao wakateleza. Chungwa akabaki, akawa kama abiria aliyeachwa kituoni, anapunga mkono kila gari linapoondoka.

Na kosa halikuwa lake. Kila mtu pale bwawani alilijua hilo, ila yeye mwenyewe.

"Tayari?" aliuliza Kocha siku hiyo. Kocha alikuwa mwanamke kijana, mfupi, mwenye sauti iliyokwaruzwa na miaka ya kushindana na kelele za maji. Shingoni alivaa filimbi asiyoipuliza kamwe. Alisema filimbi ni ya mbwa na ya waamuzi.

"Tayari," akasema Kinyozi.

"Tayari kabisa," akasema Chungwa.

Kinyozi akamlaza mwanawe juu ya maji, mkono wa kulia chini ya tumbo, mkono wa kushoto chini ya kidevu. Chungwa akavuta pumzi mpaka mashavu yakavimba kama puto, akainamisha uso. Kabla pua haijalowa vizuri, ule mkono wa kushoto ukakiinua kidevu, taratibu, kwa ustadi, kama unavyoinua kidevu cha mteja ili wembe upite chini ya taya. Uso ukatoka. Miguu ikashuka. Chungwa akajikuta amesimama wima kama mlingoti, maji yakimchuruzika puani.

"Baba Chungwa," Kocha akasema.

"Nimeachia!"

"Umeachia tumbo."

"Mwacheni jamani," alisema Mama Pacha, mwanamke mwenye kicheko kilichotikisa maji, pacha mmoja mkononi mwake na mwingine mkononi mwa wifi yake. "Anatafuta ndevu!"

Mama watu wakaangua kicheko. Kinyozi naye akacheka, kwa kuwa hakuwa mtu wa kununa. Lakini Chungwa hakucheka. Ng'ambo ya kamba, mtoto wa jirani, ambaye zamani walikuwa naye darasa hilohilo na ambaye sasa meno yake mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka, alikuwa amening'inia kwenye boya jekundu kama mtu aliyekuja kuangalia sinema.

"Chungwa!" akaita huyo Pengo. "Bado hujaota miguu?"

Vyura wote wakacheka. Chungwa akaitazama miguu yake chini ya maji, ilivyojikunjakunja na kuyumba, ikionekana kama ya mtu mwingine.

"Miguu yangu ni mizito," akamwambia Kocha kwa sauti ndogo. "Ndiyo maana inazama."

"Miguu yako haina neno, mama. Mwili majini ni kama ubao wa kubembea. Kichwa kikienda juu, miguu inakwenda chini. Kichwa kikilala, miguu inapanda yenyewe." Kocha alisema hayo akimtazama mtoto, ila maneno aliyatupa kwa baba.

Kinyozi aliyasikia. Alikuwa ameyasikia mara nyingi, na masikio yake hayakuwa na kasoro. Ni mkono uliokuwa hausikii.

Darasa lilipokwisha, Kocha akamvuta pembeni, karibu na rafu ya vibao vya kuelea.

"Jumamosi ijayo ndiyo ya mwisho muhula huu. Muhula ujao hawezi kurudi kwa Viluwiluwi, amekua, anawapita wenzake kimo hata wakibebana. Na kwa Vyura simwingizi kabla hajateleza. Huko hakuna mzazi wa kumshika."

"Kwa nini usimchukue wewe, Kocha? Mara moja tu. Umtoe mkononi mwangu, umtelezeshe, yaishe."

Kocha akatikisa kichwa. Hilo lilikuwa sharti lake, na hakuna mzazi aliyewahi kumtoa humo. Hakumpokonya mzazi mtoto wake. "Mtoto anayenyakuliwa anajua kwamba maji ni mwizi," akasema. "Ataelea leo, kesho hataki kuoga. Mtoto aachiwe na mkono anaoujua. Watoto hawanipi kazi, Baba Chungwa. Vinavyonitoa jasho ni vidole vya wazazi."

Kwenye benchi la kubadilishia nguo Chungwa alikaa amejifunga taulo kama mzee wa baraza. Akaivua kofia yake ya kuogelea, ile ya rangi ya machungwa aliyoichagua mwenyewe, akaikamua na kumpa baba yake.

"Jumamosi nikizama tena, mpe pacha wa Mama Pacha. Yule mwenye kichwa kikubwa."

"Na wewe?"

"Mimi nitakuwa mtu wa nchi kavu."

Akalisema hilo bila machozi, na ndiyo maana likamchoma baba yake zaidi. Mtoto akilia, unambembeleza. Mtoto akikata shauri, unambembelezaje?

*

Vinyozi wana msemo wao wanaofundishana kazini: mkono wa kulia hubeba mashine tu, unaonyoa ni wa kushoto. Wa kushoto ndio unaokishika kichwa. Unakiinamisha, unakigeuza, unalivuta sikio, unainua kidevu, na juu ya yote unakizuia kisitikisike. Kichwa kikitikisika, wembe haujui ndugu wala jamaa. Kinyozi alikuwa ameshika vichwa tangu ujana wake, vya mabwana harusi vyenye wasiwasi, vya wazee vyenye mabonde, vya watoto waliopiga mayowe kabla hata mashine haijawashwa, na hakuna kichwa kilichowahi kumponyoka. Hilo ndilo lililokuwa jina lake mtaani. Akina mama waliwapita vinyozi watatu njiani ili wamfikie yeye.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, ambalo wateja hawakulijua. Chungwa alizaliwa kabla ya siku zake, kichwa chake hakizidi chungwa dogo, na ndipo jina lilipotoka. Muuguzi alipomweka mara ya kwanza mikononi mwa baba yake alimwambia, "Kichwa, baba! Shingo haina nguvu. Usikiachie kichwa." Kinyozi akaitikia, naam. Mkono wake wa kushoto ukakipokea kile kichwa chote, na kiganja kikabaki na nafasi. Tangu siku ile hakuna muuguzi aliyerudi kumwambia kwamba sasa anaweza kukiachia.

Siku ya Alhamisi, Chungwa alikuwa dukani kwa baba yake baada ya shule, amekaa kwenye kile kibao kinachowekwa juu ya mikono ya kiti ili watoto wafikie kioo. Alikuwa anajitazama kiooni huku akipigapiga miguu hewani.

"Baba, nikiinyoa miguu, itakuwa myepesi?"

"Haina nywele."

"Hata kidogo? Angalia vizuri."

Kinyozi akachukua brashi ya poda, akainama, akaikagua miguu ile kwa makini kama anakagua shamba. "Hakuna kitu. Ni ardhi tupu."

Fundi viatu wa jirani, ambaye alishinda zaidi kwenye benchi la Kinyozi kuliko kwenye kibanda chake, akaweka gazeti chini. "Wewe Kinyozi, nasikia bwawani unawashinda hata watoto kwa kufeli."

"Nani kakuambia?"

"Mji mzima. Wanasema umekishika kidevu cha mtoto mpaka samaki wanakuja kuulizia bei ya kunyoa."

"Bwawani hakuna samaki."

"Wamehama. Wanakuogopa." Fundi viatu akajichekea mwenyewe, kisha akamkonyeza Chungwa. "Usijali, mjukuu wangu. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Baba yako ananyoa siku nzima, wewe endelea kutia maji tu. Iko siku mtapatana."

Chungwa alikwisha kugeuza macho. Alikuwa anamtazama mteja aliyekuwa ameingia, mhasibu mmoja mwembamba mwenye mabega yaliyopanda hadi masikioni. Kinyozi alimlaza kwenye kiti mbele ya sinki la kuoshea nywele, akauweka mkono wa kushoto chini ya kisogo, akafungua maji ya moto kidogo.

"Tulia, mzee," akasema, kama alivyowaambia wote. "Usitikisike. Sitakukata."

Mhasibu alikuwa amekikaza kichwa, anakibeba mwenyewe kwa shingo. Wengi huwa hivyo mwanzoni. Wanakulalia mkononi bila kulala. Kinyozi akaendelea kumwaga maji, akazungusha vidole taratibu. Na kidogo kidogo ikaja ile hali anayoijua: kichwa kikaanza kuwa kizito. Kikazidi uzito, kikakaa kiganjani kama tikiti, na mabega yakashuka. Mhasibu alikuwa amejiachia.

"Amelala?" Chungwa akanong'ona.

"Hajalala. Ameniamini."

"Umejuaje?"

"Kichwa kinachokuamini ni kizito. Kile chepesi bado kinajishika chenyewe."

Chungwa akalitafuna jambo hilo huku miguu yake ikiendelea kupiga hewa. "Na changu? Bwawani?"

Kinyozi alinyoosha mkono kufunga bomba. Kichwa cha mwanawe majini hakukijua uzito wake. Hakuwahi kukipa nafasi ya kuwa kizito wala chepesi. Alikuwa amekibeba yeye, siku zote.

Jioni yake alimweleza mkewe. Mama Chungwa alikuwa fundi wa lifti, na Jumamosi ndiyo siku yake kubwa, kwa kuwa maghorofa ya ofisi hubaki matupu na mafundi huweza kuingia ndani ya mashimo ya lifti kwa amani. Ndiyo maana bwawani alikwenda baba. Mama alikuwa anakula, bado na alama ya grisi shavuni, akasikiliza mpaka mwisho.

"Baba Chungwa," akasema, "unajua watu hunipigia simu mara ngapi kwamba lifti imeharibika, nikifika nakuta ni mtu amesimama mlangoni? Lifti nzima, mashine salama, waya salama, inalia tu, ti, ti, ti. Haipandi. Mtu ameushika mlango, anamsubiri mwenzake."

"Sasa?"

"Sasa uachie mlango, mume wangu. Na unipitishie chumvi."

*

Jumamosi ikafika. Maji yalikuwa yaleyale, bata alikuwa yuleyule, na mkia bado hajaupata. Chungwa aliimba wimbo wote bila kukosea, kwa adabu ya mtu anayeaga.

"Haya," Kocha akasema. "Tuanze na wakubwa."

Mkubwa alikuwa mmoja. Mama watu wakarudi nyuma, wakaacha nafasi, vichanga vyao vikitazama kwa macho makavu kama wajumbe wa kamati. Ng'ambo ya kamba Pengo alikuwa ameshafika kwenye boya lake.

Kinyozi akamlaza mwanawe. Moyoni aliuambia mkono wake: leo, tafadhali. Chungwa akavuta pumzi, akainamisha uso, na mkono, kama mzee mwenye kiburi aliyekwisha kuombwa mara nyingi, ukakiinua kidevu.

Miguu ikashuka. Chungwa akasimama, akakohoa. Hakumlaumu mtu. Alimgeukia Kocha, akasema, "Nimeiambia miguu. Nimeiambia toka nyumbani."

Basi hapo kitu fulani kikavunjika ndani ya Kinyozi. Mwanawe angetoka pale, angekua, angemaliza shule, angezeeka, akiamini kwamba miguu yake ndiyo iliyomwangusha. Angewasimulia wajukuu.

"Miguu yako ni mizima!" akasema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, mpaka Pomboo wawili wakasimama katikati ya safari yao. "Ni mkono wangu, Chungwa. Mkono huu. Unakuinua kidevu. Miguu haijafanya kosa lolote."

Chungwa akamtazama. Akautazama mkono. Akaitazama miguu yake, kama mtu aliyesikia kwamba rafiki yake aliyesingiziwa wizi ameachiwa huru.

"Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Mtoto akaweka mikono kiunoni, chini ya maji. Hakukasirika. Alikuwa na sura ya fundi aliyeonyeshwa hatimaye mahali palipoharibika. "Basi lala wewe kwanza," akasema.

"Nilale wapi?"

"Hapa. Nikushike kichwa. Uone."

Kinyozi akamtazama Kocha ili amwokoe. Kocha akakunja mikono kifuani. "Wazo zuri sana," akasema. "Kinyozi hajinyoi."

"Ukiyavulia maji nguo," Mama Pacha akadakia, "sharti uyaoge! Lala, baba, tupate na sisi cha kusimulia."

Chungwa akapanda kwenye ngazi ya chini ya bwawa ili apate kimo. Kinyozi akageuka, akapiga magoti, akajilaza nyuma kidogo kidogo kama mtu anayekalia kiti asichokiamini. Hakuwahi kulala majini maisha yake yote. Katika bwawa lile hakuwahi kulowa juu ya mbavu. Tumbo lake likaibuka kama kisiwa kipya. Viganja viwili vidogo vikampokea kisogo.

"Tulia, mzee," Chungwa akasema kwa sauti nzito. "Usitikisike. Sitakukata."

Kinyozi akapasuka kicheko, akazama, akameza maji, akaibuka akipiga chafya. Bwawa zima likacheka naye, hata wajumbe wa kamati.

"Nimekuambia usitikisike," Chungwa akasema. "Tuanze upya. Na shingo uilegeze. Unajishika mwenyewe."

Mara ya pili akajilaza tena. Maji yakaingia masikioni na kelele zote zikazimika, vicheko, Vyura, Kocha, vyote vikawa mbali kama redio ya jirani. Juu yake palikuwa na vioo vya paa, na mwanga wa maji ukicheza juu ya vyuma. Alihisi vile viganja chini ya kisogo. Aliwaza, mtoto huyu hawezi kunibeba, mimi ni mzito. Kisha akawaza, mhasibu naye aliwaza hivyohivyo. Akailegeza shingo. Kichwa kikashuka kidogo, maji yakamfika pembe za macho, yakasimama hapo. Miguu yake, bila kuombwa na mtu, ikapanda juu na vidole vikachungulia nje.

Akakaa hivyo. Hakujua kwa muda gani. Alichojua ni kwamba palikuwa pazuri, na kwamba angeweza kulala usingizi pale mbele ya mama watu wote. Kisha akayageuza macho kumtazama mwanawe, akamwona anarekebisha kofia yake ya rangi ya machungwa. Kwa mikono yote miwili.

Sasa kichwa changu kakishika nani?

Wazo lile likampitia mwilini kama baridi, na kila msuli ukataka kuruka. Lakini maji yalikuwa yamemshika tayari, yalikuwa yamemshika muda wote huo bila kudai shukrani. Akavuta pumzi moja. Akabaki. Ndipo akasimama, maji yakimtoka masikioni, sauti zikarudi kwa kishindo.

"Umeniachia lini?"

"Zamani," Chungwa akasema. "Ulikuwa mzito, halafu ukawa mwepesi. Nikajua maji yamekushika, nikaondoa mikono."

"Hukuniambia!"

"Ningekuambia ungetikisika."

Kocha alirudi nyuma hatua zake, akasimama, akanyoosha mikono.

Kinyozi akamlaza mwanawe juu ya maji, mkono wa kulia chini ya tumbo, wa kushoto chini ya kidevu. Safari hii hakuuomba mkono wake kitu. Aliusikiliza tu, kama anavyousikiliza dukani. Chungwa akavuta pumzi, mashavu yakavimba, uso ukashuka. Kichwa kikawa kizito kiganjani. Kile kichwa kilichokuwa kama chungwa, sasa kina meno na ubishi na nywele za kusumbua kusuka, kikamlalia kwa uzito wake wote. Mkono ukataka kuinua. Alihisi ukitaka, kama mbwa anayevuta kamba. Akauacha ushuke na kichwa, ushuke kidogo, maji yakapita juu ya vidole. Na mara kichwa kikawa chepesi. Kikawa chepesi kama povu la sabuni, kama kitu ambacho mwenyewe amekuja kukichukua.

Akafungua mkono.

Chungwa akateleza. Uso majini, mikono mbele, kofia ya rangi ya machungwa ikipasua maji, na nyuma yake miguu miwili ikapanda juu, mwanana, mizima, isiyo na hatia, ikaanza kupiga. Ikamrushia baba yake maji usoni. Kocha, badala ya kumpokea, akarudi nyuma hatua moja. Chungwa akamfuata. Kocha akarudi nyingine. Akamfuata. Mpaka mgongo wa Kocha ukagonga maboya mekundu, na Chungwa akaibuka, akatwaa pumzi yenye mlio, akashika boya.

"Imepanda!" akapiga ukelele. "Baba! Miguu imepanda! Umeiona?"

"Imenitia maji machoni! Nimeiona!"

Kelele zilizofuata zilimfanya mlinzi wa mlangoni achungulie. Mama watu walipiga makofi juu ya maji, vichanga vikashtuka, kimoja kikalia, pacha mwenye kichwa kikubwa akacheka bila kujua anacheka nini. Kocha, kwa mara ya kwanza tangu bwawa lifunguliwe, akaitia filimbi mdomoni na kuipuliza.

Chungwa akainama, akapita chini ya kamba, akatokea upande wa Vyura. Pengo alikuwa hapo hapo kwenye boya lake.

"Umechelewa," akamwambia.

"Nilikuwa namfundisha Baba," Chungwa akajibu. "Haelewi haraka. Twende."

Wakaenda.

Kinyozi akabaki katikati ya maji, mikono ikielea mbele yake, mitupu. Akaitazama kama vyombo vilivyobaki baada ya wageni kuondoka. Darasa lilikuwa halijaisha na yeye hakuwa na mtoto, hakuwa na wimbo, hakujua asimame wapi. Akaanza kwenda ngazini.

"Unakimbilia wapi wewe?" Mama Pacha akamwita. Wifi yake alikuwa ametoka kwenda kutafuta nepi kavu, naye alikuwa na pacha wawili na mikono miwili, na mmoja wa pacha alikuwa anateleza kama sabuni. "Hapa mtoto mmoja mtu mmoja, ndiyo sheria. Njoo umshike huyu mwenye kichwa. Shingo yake bado, na wewe ndiye fundi."

Kinyozi akarudi. Akampokea mtoto, na mkono wa kushoto ukaenda wenyewe chini ya kisogo, ukakaa mahali pake. Kichwa kilikuwa kizito, chenye joto, na macho mawili ya mviringo yalimkazia kana kwamba yanamuuliza foleni ikoje. Bata akaanza upya kuutafuta mkia wake. Kinyozi akaimba kwa sauti kubwa kuliko mama watu wote.

Na ng'ambo ya kamba, katikati ya Vyura, kofia moja ya rangi ya machungwa ikasimama, ikageuka.

"Baba!" sauti ikaja juu ya maji. "Nakuona! Akikua, umwachie!"